Ubongo wa Gari la Boflo

Injini imeshakaa.
Tumekata, tumechomelea vikalio vipya,
Toyota ya silinda nne, ya gari la ajali,
kifuani mwa Suzuki ya Bi Salhiya wa Mtemani
kama figo ya mtu baki:
mishipa imeunganishwa, haijakubali kuishi.

Kompyuta yake ilibaki na gari lake, sijui bandari gani.
Ya Suzuki nikiigusisha na injini hii
inanyamaza kama mkwe aliyekosewa salamu.

Basi meza yangu hapa Wete,
baina ya gilasi ya chai na waya zisizo jina,
imebeba masanduku mawili.

Jeusi ni jipya, limo ndani ya nailoni yake.
Shaame kaja nalo kwa boti kutoka Unguja.
"Hili lina kila kitu," kanambia.
"Linasema na simu. Linajua tairi ipi inateleza.
Ukitaka, linatema moto kwenye ekzosi."
Nikamuuliza: na boflo linazijua?
Akacheka. Halafu, taratibu, akakiri
kwamba wa kuliseti ni mtu mmoja tu, yuko Dar,
na hulipwa kwa saa, kuanzia anapofunga mlango wa kwake.

La pili ni la alumini, limekwaruzika,
nembo imefutika kwa vidole vya wenyewe wa zamani.
Skrubu nne. Nimelifungua, nimeona kila kitu,
mpaka pale alipochomea mtu risasi kwa mkono uliotetemeka.
Halitaki mengi: joto la maji, hewa, mkao wa throto,
na meno ya krenki ya kuhesabia.

"Rudisha kabureta," kasema Ussi chini ya gari,
miguu yake tu inaonekana.
"Kabureta haina ubongo, ndo maana haiumwi kichwa."
Nilikaribia kumkubali. Kabureta naijua kwa sikio,
lakini bei ya petroli nayo naijua, kwa mfuko.

Bi Salhiya akaingia, unga mpaka viwikoni.
Hakuuliza nguvu za farasi.
"Litawaka saa kumi alfajiri, mvua ya masika?
Konde wananisubiri na chai yao.
Na likifa njiani, mwanangu,
utakuja wewe, au utampigia simu mtu?"

Nikatazama lile jeusi. Lilikuwa zuri, Wallahi.
Nikalisogeza pembeni na nailoni yake.

Usiku umeme ukakatika, tukawasha kompyuta
ya skuli ya mwanangu kwa betri ya gari.
Kwenye kioo, jedwali: vyumba vya namba,
mizunguko kwa upana, mzigo kwa urefu,
na kila chumba kinauliza, petroli kiasi gani?
Bi Salhiya alikataa kwenda kulala.
Akainama, akasoma safu ya baridi.
"Mbona hii nyingi, na ile kidogo?"
Nikamwambia: injini ikiwa baridi huomba zaidi,
ikipata moto tunaipunguzia.

"Aa," kasema. "Hamira."
"Siku ya mvua naongeza, siku ya jua napunguza,
na hakuna kitabu, yakhe, kilichonifunza
isipokuwa mikate iliyoharibika."

Tukaharibu sana usiku ule.
Mara ya kwanza ilipiga chafya.
Mara ya tano plagi zililowa, Ussi akazikausha
kwa kanga ya mwenye gari, bila ya ruhusa.
Nikatoa mbili katika chumba kimoja,
nikaongeza moja katika cha jirani yake.

Saa kumi kasorobo ikawaka,
ikatetemeka, ikashuka, nikadhani inakufa,
ikajishika.

Haijatulia bado. Ikizimwa ya moto
inataka kubembelezwa kuwaka tena,
na hilo nitalitafuta kesho, nikiamka.
Lakini taa zake nyekundu nimeziona zikipinda kona,
na harufu iliyobaki gereji ilikuwa petroli na mkate,
sikuweza kusema ipi ilianza.